Naomba ushauri: swichi za linia kwa kuandika usiku

Habari zenu wakuu. Nina kibodi ya mekanika ambayo swichi zake (vile vidude vilivyo chini ya kila kitufe) zinachomoleka bila kuyeyusha risasi ya kulehemu, na nataka kuzibadilisha. Zilizopo ni za bluu. Kila herufi ina mlio wake, na mtoto analala chumba hicho hicho. Nimeamua kuhamia za linia, zile zinazoshuka moja kwa moja bila kugota katikati.

Nimebaki na aina tatu za kuchagua. Cherry MX Red inahitaji nguvu ya gramu 45 hivi kuibonyeza, Cherry MX Black 60, na Gateron Yellow iko katikati, kama 50. Red nimeijaribu kwa rafiki: kidole kikiegemea tu herufi inaingia, na mimi hupumzisha vidole juu ya vitufe nikiwa nafikiri. Black naiogopa, maana naandika ripoti ndefu, vidole vitachoka.

Nauliza hasa waliotumia Yellow kwa kuandika, si kwa gemu: inazuia herufi za bahati mbaya? Nizipake grisi kwanza, au zinateleza vizuri zilivyo? Soketi zangu ni za pini 3, hivyo zenye pini 5 itabidi nikate viguu viwili vya plastiki. Aliyewahi kukata anielekeze, tafadhali.