Tupeane uzoefu: Mtu akisema "huku Nyanda za Juu Kusini hakuna joto linalokuja, watabiri wanatutisha", mnampimia kwa kipimo gani?

Wakuu, salaam. Kila ikifika Oktoba, jua likawaka kabla mvua hazijaanza, mabishano yanarudi vijiweni. Mmoja anasema dunia inachemka, mwenzake anamjibu kwamba Julai uwanda wa Kitulo uliamka mweupe kwa sakitu (barafu nyembamba inayoganda juu ya majani usiku), sasa joto lipi hilo? Naona mwenye mashaka ana haki ya kuuliza: umepima wapi, saa ngapi, kwa chombo gani? Uzi huu uwe wa kazi. Leteni njia, vipimo na makosa yanayoharibu vipimo. Yale ya "enzi zetu tulivaa makoti" tuyaweke pembeni, mwili hauna skeli.

Mdau wa Uyole

Mkuu umeanza vizuri. Nianze na chombo, maana ubishi mwingi unazaliwa na kipimajoto kilichotundikwa vibaya.

Kinachofaa ni kile cha umbo la U chenye viashiria viwili vidogo vya chuma, kimoja cha joto la juu, kingine cha joto la chini. Kiashiria husomwa ncha yake ya chini, ile inayogusa zebaki. Wengi husoma ncha ya juu na kukosea nyuzi kadhaa. Upande wa joto la chini skeli imegeuzwa, namba zinapungua kuelekea juu, kwa hiyo mtu asiyeuzoea huandika kinyume.

Kisitundikwe ukutani. Tofali na bati hutunza joto la mchana na kulitoa usiku. Tengeneza sanduku la mbao lenye kuta za luva (vibao vilivyoinama vinavyopitisha hewa), paa mbili zenye nafasi ya hewa katikati, rangi nyeupe ndani na nje. Chombo kikae kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, juu ya nyasi fupi, mbali na nyumba au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake. Juu ya sementi hapana. Mlango uelekee kusini, ila kumbukeni kwamba kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua la saa sita linakuwa upande wa kusini kwetu. Miezi hiyo mlango wa pili wa upande wa kaskazini unasaidia, ama fungua, soma haraka, funga.

Soma saa tatu asubuhi kila siku, kisha rudisha viashiria kwa sumaku. Joto la juu unalolikuta saa hiyo ni la jana, la chini ni la leo. Ukiyaandika yote kwenye tarehe moja, daftari lote limeharibika na hutajua.

Mdau wa Mbalizi

Ndugu wa Uyole, kuhakiki kama chombo kinasema kweli? Kuna wanaochemsha maji wakitegemea 100.

Mdau wa Uyole

Kwa kimo cha Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 na ushei. Atakayetegemea 100 atakitupa chombo kizima. Tena hiki cha U hakiingizwi kwenye maji ya moto, kitapasuka. Tumia kipimajoto kingine cha kuchovya: ponda barafu, jaza glasi, ongeza maji safi kidogo tu yajaze nafasi, koroga, subiri dakika 5 au zaidi. Kisome 0. Kikisoma 1, basi unapunguza 1 kwenye kila usomaji. Kisha kiweke sandukuni pamoja na cha U na uvilinganishe.

Mdau wa Mbalizi

Asante sana. Nami nichangie la simu. Watu wanafungua simu Mbeya mjini, wanaona nyuzi 27, wanajifunika shuka, wanasema "unaona uongo huu?" Mara nyingi namba hiyo ni makadirio ya eneo pana, au imevutwa na kituo kilicho karibu. Uwanja wa ndege wa Songwe uko kwenye mita 1,350 hivi, mjini ni 1,700. Kwa kawaida hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo tofauti ya mita 350 pekee ni zaidi ya nyuzi 2.

Hapo pia wanaoamini wajihadhari. Songwe ilianza kupokea ndege mwishoni mwa 2012. Mtu akichukua namba za uwanja wa zamani mjini, akaziunganisha na za Songwe, atachora mstari unaopanda nyuzi 2 ghafla na kushangilia ushahidi. Huo ni mteremko wa mlima, tabianchi haijasema kitu. Kabla ya kulinganisha miaka, uliza kwanza kama kituo kilihama.

Mdau wa Makete

Niseme kuhusu sakitu, maana ndiyo hoja kubwa ya wabishi huku kwetu.

Sakitu inataka usiku mkavu, mbingu bila wingu, upepo umetulia. Ardhi inatoa joto lake moja kwa moja angani, majani yanapoa kuliko hewa iliyo juu yake. Kipimajoto cha mita 1.5 kinaweza kusoma nyuzi 3 huku nyasi zimeganda. Halafu hewa baridi ni nzito, inateremka na kujikusanya bondeni. Ndiyo maana vinyungu (bustani za bondeni) vinaungua na shamba la mlimani, hatua mia mbili tu, linabaki kijani. Kwa hiyo usiku mmoja wa sakitu hauthibitishi wala haukanushi kitu kuhusu miaka 30. Cha kuhesabu ni usiku wangapi wa sakitu kwa mwaka, na wa mwisho ulikuwa tarehe gani. Safu hizo mbili zikijazwa miaka mingi, hapo tunaongea.

Mdau wa Mbozi

Naunga mkono, tuangalieni usiku. Watu wanangoja mchana wa kutoa jasho, kumbe joto la chini ndilo linalobana mazao. Utafiti wa kahawa ya arabika uliochapishwa 2015, kwa takwimu za kaskazini mwa Tanzania, ulikuta kila nyuzi 1 inayoongezeka usiku inaendana na upungufu wa kilo 137 hivi kwa hekta. Takwimu ni za kule, kwa hiyo siihamishii namba hiyo Mbozi, ila mti ni uleule, na kuandika joto la chini la kila usiku hakugharimu zaidi.

Mdau wa Njombe

Mwenye mashaka husema: nyuzi moja ni nini? Mfanyie hesabu ya mahindi. Chukua joto la juu la siku, jumlisha na la chini, gawa kwa 2, toa 10, joto ambalo chini yake mahindi hayakui. Siku ya nyuzi 24 na 12 inakupa 8. Tuseme mbegu yako inahitaji jumla ya 1,200 hadi kukomaa: ni siku 150. Ongeza nyuzi moja tu, kila siku inakupa 9, na siku zinashuka hadi 133. Siku 17 zimepotea, na sehemu yake ni siku za kujaza punje. Ukibaki na mbegu ileile, punje zinaweza kuwa nyepesi hata kama mvua ilikuwa nzuri.

Lakini tuwe wakweli. Kule juu kabisa ambako mahindi yanakaa shambani zaidi ya miezi sita kwa sababu ya baridi, joto kidogo linaweza kuyasaidia. Mkulima wa huko akisema mahindi yake yamependeza kuliko zamani, msimbishie. Mwulizeni viazi vyake, maana kiazi kinataka usiku wa baridi ili kifunge vizuri.

Mdau wa Mbarali

Huku Usangu kwenye mpunga angalieni wiki ya kutoa maua tu. Ua linafunguka asubuhi hadi karibu saa sita. Likikutana na nyuzi 35 au zaidi kwa saa moja hivi, chavua inashindwa kazi na unavuna mapepe, yaani makapi yasiyo na punje. Watu wanalaumu mbolea. Ponda suke: kama kuna mapepe mengi na hakuna tundu la mdudu wala doa la ugonjwa, rudi kwenye daftari la joto la wiki ile.

Mdau wa Tukuyu

Upande wa afya kuna hesabu ya zamani: siku ambazo kimelea cha malaria kali anahitaji kukomaa ndani ya mbu ni 111 gawa kwa joto la wastani ukishatoa 16. Kwenye nyuzi 18 ni siku 55, mbu wengi wanakufa kabla. Kwenye nyuzi 20 ni siku 28. Nyuzi mbili tu, muda umekatika nusu. Ila wagonjwa wakiongezeka kijijini, kwanza uliza nani alisafiri Kyela kwenye joto, vyandarua vina umri gani, kuna mashimo gani mapya ya tofali yenye maji. Usiitupie tabianchi kila homa.

Mdau wa Mafinga

Mashaka mengi yanatokana na kuchanganya utabiri wa msimu na makadirio ya miongo. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wakisema mvua "juu ya wastani", miaka 30 imepangwa kuanzia mkavu hadi wenye mvua nyingi na kugawanywa mafungu matatu. Wakitoa asilimia 45 kwa fungu la juu, bado 55 zimebaki kwa mafungu mengine. Makadirio ya joto hayasemi Novemba ijayo itakuwaje, yanasema wastani wa miaka mingi unaelekea wapi. Na wastani wa dunia kwa 2024 ulifika takriban nyuzi 1.55 juu ya ule wa 1850 hadi 1900. Kwa hesabu ya mdau wa Mbalizi, hiyo ni kama kushuka mlima mita 240.

Mwanzisha uzi

Shukrani wakuu. Swali la mwisho: siku zikikosekana daftarini?

Mdau wa Uyole

Zikikosekana 5 mfululizo, au 11 na zaidi kwa jumla, usitoe wastani wa mwezi huo. Ukikosea namba, piga mstari mmoja juu yake isomeke, andika sahihi pembeni. Siku usiyosoma weka kistari, usikisie.