Sikio la Simba limenimaliza pesa, huyu daktari ananila ama ni mimi sielewi?

Mama Simba wa Donholm
Habarini wenye mbwa. Niko na Simba, chotara wa jerman sheped, miaka minne, sikio moja limesimama lingine limelala nusu na ndilo hilo lililolala linanisumbua. Ilianza mwezi wa kwanza, anajikuna usiku hadi mnyororo unalia cheng cheng cheng pale mlangoni hatulali, na ukimkaribia kuna harufu, sijui niiseme vipi, kama uji umechacha kwenye sufuria. Nikampeleka kliniki moja hapa mtaani, daktari akamwangalia juu juu, akamdunga sindano, akanipa kachupa ka matone, elfu mbili na mia tano. Kesho yake mbwa mzima! Nikamsifu huyo daktari hadi kwa majirani. Wiki tatu hivi, cheng cheng cheng. Nikarudi, sindano, matone, pesa. Juzi ni mara ya tatu na bwanangu anasema huyo daktari dawa ya kumaliza anaijua, ila mbwa akipona yeye atakula nini. Jamaa wa agroveti, duka la dawa za mifugo hapa steji, anasema matone kama hayo ataniuzia kwa mia nne. Nifanye nini? Na msiniambie kliniki za matajiri kule Karen, pesa za Karen sina.

Mtu wa Kayole
Pole sana sis, hao wote ni biashara. Mimi napasha mafuta ya nazi na kitunguu saumu, nachokonoa na vijiti vya pamba hadi vitoke visafi, nikiona pamekuwa pekundu naweka spiriti kidogo. Mbwa wangu ana miaka tisa hajawahi ona daktari.

Njoro254
Spiriti kwa sikio lenye kidonda?? Jimwagie wewe kwanza halafu urudi utuandikie. Na hivyo vijiti vinasukuma nta chini zaidi, unafikiri umeosha kumbe umeshindilia.

Msaidizi wa Wanyama
Mama Simba, mimi ni wa hii kazi, si daktari kamili, ni msaidizi, kwa hivyo dawa sitakuandikia hapa. Ila nikuulize. Kwa hizo mara tatu, kuna siku aliingiza kile kitochi chenye mdomo mwembamba ndani ya sikio? Kuna siku alitoa uchafu na pamba akaupaka kwa kioo akaenda kuuangalia kwa maikroskopu? Kama hakuna, siwezi sema amekuibia, lakini alikuwa anabahatisha.

Sikio la mbwa si kama letu, tundu linashuka chini kwanza halafu linakata kona kama herufi L, na huko nyuma ya kona ndiko uchafu unakaa, hata umulike na simu huoni kitu. Harufu ya kuchacha mara nyingi ni fangasi, lakini bakteria wanaweza kuwa ndani pia. Uchafu mweusi mkavu kama kahawa iliyosagwa, hapo tunawaza utitiri, hasa kwa watoto wa mbwa na nyumba zenye paka. Kila moja na dawa yake. Hiyo sindano uliza ilikuwa ya nini, kwa sababu ikiwa ni steroidi itatuliza mwasho haraka unaona muujiza, nguvu ikiisha mwasho unarudi palepale kama chanzo hakikuguswa.

Ya agroveti mimi siipendi na si bei. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka kuna dawa zikipita huko ndani zinaweza kumwacha kiziwi ama atembee kichwa upande kama mlevi, na jamaa wa kaunta ngoma haoni. Angalia pia kama daktari wako amesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo ya Kenya, KVB, sheria ya 2011 inatutaka sote huko, madaktari na wasaidizi. Ukitaka maoni ya pili, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete wana kliniki, wanafunzi watamzunguka lakini mwalimu yuko.

Baba Chui
Usikae sana na hiyo kitu. Wangu alitikisa kichwa hadi mshipa ukapasuka ndani ya sikio, likajaa damu likavimba kama mandazi, ikabidi apasuliwe.

Mama Simba wa Donholm
Asanteni, na narudi na aibu kidogo. Nilienda kwa daktari yule yule nikamuuliza maswali ya Msaidizi, nikajua atakasirika. Akanyamaza, akasema maikroskopu hana, huwa anatuma watu mahali kwingine, lakini mteja akisikia kuna pesa ya kipimo anasema apewe sindano aende, "hata wewe mama mara ya kwanza nilikuambia." Na kweli aliniambia! Nilisema tuanze na dawa kwanza. Akaniandikia barua nikaenda huko kwingine, daktari wa huko akaniita niangalie mwenyewe, vidoti vya zambarau vyenye kiuno katikati kama njugu karanga, wamejaa. Ndio fangasi hao. Ngoma ni nzima. Nimepewa matone mengine na dawa ya kuoshea, unajaza sikio, unakanda pale chini hadi usikie chwa chwa, unamwacha atikise kichwa (simama mbali, mimi nililowa) halafu unafuta kwa pamba pale juu tu. Nirudi baada ya siku 14 hata kama amepona.

Msaidizi wa Wanyama
Vizuri sana, na huyo daktari wako usimtupe. Sasa, huwa analamba miguu?

Mama Simba wa Donholm
Nimemshika mguu sasa hivi. Manyoya meupe ya kati ya vidole yamekuwa rangi ya kutu, na mimi miezi yote nadhani ni matope ya Donholm.

Msaidizi wa Wanyama
Hayo ni mate. Inawezekana ni mzio, na hapo fangasi atarudi kila siku. Ambia daktari. Anaweza kumwekea Simba chakula cha aina moja wiki nane hivi, bila kuonja kingine hata kidogo, aone kama chakula ndicho kinamletea.

Mama Simba wa Donholm
Wiki nane! Na bwanangu ndiye humrushia mifupa ya kuku chini ya meza akidhani sioni.

Njoro254
Mfunge bwana, Simba mwache.