Kugombea urais Marekani: kipimo cha uongozi au sarakasi? Tujadili

Mwanakijiwe: Wakuu habari za jioni. Kila siku tunaambiwa tukajifunze demokrasia Marekani, mi nauliza tukajifunze nini hasa. Katiba yao inamtaka mgombea urais vitu vitatu tu, miaka 35, uraia wa kuzaliwa na awe ameishi nchini miaka 14, basi. Ila ukishatimiza hayo lazima mwezi wa nane uende jimbo la Iowa kwenye maonyesho ya kilimo, ukapigwe picha unageuza nyama ya nguruwe jikoni, ukamtazame na ng'ombe mzima aliyechongwa kwa siagi. Siagi hii hii ya mkate! Wamemchonga tangu 1911. Yaani mtu atakayekabidhiwa mabomu ya nyuklia anapimwa kwa anavyokula soseji ya kwenye kijiti. Ni kipimo hicho au sarakasi?

Mpiga_Debe: Soseji imekukosea nini mkuu? Afadhali wao wanakula na watu. Huku mgombea anashuka na helikopta, vumbi linajaa kwenye nguo za mama wa watu alizoanika, anapunga mkono, anasema mamboooo, huyo kaondoka. Kule mkulima anamuuliza bei ya mbolea uso kwa uso. Sarakasi ya hivyo mi naitaka hata kesho.

Nyundo: Uso kwa uso wapi, kule pesa ndo inaongea. Yule tajiri Bloomberg 2020, kwenye kura za chama cha Democratic, kamwaga milioni mia tano zake mfukoni hakuambulia hata sehemu moja

DadaWaTanga: Kaka Nyundo rekebisha hapo, zilipita dola bilioni moja, na hakutoka kapa. Alishinda American Samoa, visiwa huko katikati ya Pasifiki. Na raha ya hii hadithi ni kwamba watu wa Samoa hiyo wanaruhusiwa kumchagua mgombea wa chama ila uchaguzi mkuu wa rais wenyewe hawapigi kura.

Nyundo: Haya mwalimu tumekusikia. Kwani nimesema uongo? Nimesema hela nyingi, zikawa nyingi zaidi, kosa langu liko wapi

DadaWaTanga: Kosa ni "hata sehemu moja". Sijakuita muongo, umejiita mwenyewe.

Omera_Dala: Nyinyi mnalia soseji na sisi tuseme nini? Obama alizaliwa Honolulu 1961, magazeti ya huko yalitangaza, lakini watu wakashikilia ati alizaliwa huku kwetu Kenya, mpaka Aprili 2011 ikulu ikalazimika kutoa cheti kirefu. Rais yuko ofisini anaitishwa cheti cha kuzaliwa kama mtoto wa nursery! Na wanatupa sifa ya bure jameni. Mimi kupata cheti cha mtoto wangu nilizunguka miezi, ati mwaka wa 1961 tulikuwa na uwezo wa kuweka tangazo kwa gazeti la Hawaii.

Mwanakijiwe: Hahaha. Ongezea Jeb Bush 2016, aliyetaka kugombea kwa chama cha Republican, kundi lake lilichangisha zaidi ya dola milioni 100 halafu mwenyewe anamaliza hotuba ukumbi kimya, akaomba, "tafadhali pigeni makofi". Na Nikki Haley wa chama hicho hicho, kura za chama jimbo la Nevada, Februari 2024, Trump hayumo kwenye karatasi ile, mama akashindwa na chaguo linaloitwa hakuna kati ya hawa.

Mzee_wa_Reli: Hilo si geni vijana wangu. Sisi chama kimoja tulikuwa na Ndiyo na Hapana. Tofauti ni kwamba kwetu Hapana haikuwahi kushinda.

DadaWaTanga: Shikamoo mzee. Mimi ninayempenda ni Rais Gerald Ford. 1976 anatafuta kura za Texas, kafika San Antonio kapewa tamale, ile ya unga wa mahindi na nyama inafungwa kwenye maganda ya muhindi halafu inapikwa kwa mvuke. Yeye akaing'ata na ganda lake, kamera zote zinamtazama. Texas akashindwa na Reagan kwenye chama, Novemba akashindwa tena na Carter. Wapo mpaka leo wanaosema ni lile ganda.

MkongoWaIowa: Eee Mungu wangu, ni kama kula chikwangue, ule mkate wetu wa muhogo, na majani yake. Mie niko Iowa kwenyewe huku, nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwa habari ya mahindi, msituulize. Unaendesha gari masaa mawili ni mahindi, kushoto mahindi, kuume mahindi, tena ya njano, ya kulisha nguruwe na kutengeneza mafuta ya gari.

Sukuma_Gurudumu: Subiri kwanza. YA NJANO? Si ndo unga wa Yanga huo tuliolishwa ile njaa ya 1974! Kumbe walitupa chakula cha nguruwe

Nyundo: Na Yanga inaingiaje hapa? Mnatafuta pa kuchomekea tu nyie watu wa Msimbazi

Sukuma_Gurudumu: Jina sikulipa mimi. Unga ulikuwa wa njano kama jezi zenu, wananchi wakaita unga wa Yanga, ungekuwa mwekundu ungeitwa wa Simba. Kaulize wazazi wako.

Nyundo: wazazi wangu waache. Hujawahi kushinda njaa ndo maana unadharau chakula

Mzee_wa_Reli: Tulieni. Niliula mimi, nilikuwa Dodoma. Ugali wake mtamu kidogo, unashikana vibaya, watoto walikuwa wanakataa mpaka giza liingie wasione rangi. Lakini hakuna aliyekufa. Anayesema cha nguruwe alikuwa wapi?

Sukuma_Gurudumu: Shikamoo mzee. Sijadharau, nauliza tu.

Omera_Dala: Sisi ilikuwa 1984, mahindi ya njano ya Amerika vile vile. Buyangu alisema ukishapika, kuku ndio wanafurahi.

DadaWaTanga: "Buyangu" ndo nani?

Omera_Dala: Nyanya yangu. Simu iliandika vyake.

Mwanakijiwe: Wakuu mada yangu! Hebu angalieni hili, mfungwa Marekani karibu majimbo yote hana kura, lakini kugombea urais ruksa. Eugene Debs, yule msoshalisti, 1920 aligombea akiwa gereza la Atlanta akapata kura zaidi ya laki tisa. Na Trump Mei 2024 katiwa hatiani makosa 34 New York, Novemba kashinda. Sasa gazeti likukamate umekula vibaya, umekwisha, mahakama ikukamate, unasonga mbele.

Mpiga_Debe: Debs alifungwa kwa kupinga vita, usimweke kapu moja na wengine. Soma kwanza.

Mwanakijiwe: Nimesema kapu gani mimi? Nimetaja majina mawili.

MkongoWaIowa: Ndugu zangu, naomba niseme nilichoona kwa macho. Tarehe 3 Februari 2020 sikuwa na uraia bado, nilienda kutazama tu mkutano wa kumchagua mgombea wa chama, na mwenzangu wa kiwanda cha nyama. Ilikuwa ukumbi wa mazoezi wa shule. Wakati ule hakukuwa na sanduku la kura kwa hawa wa Democratic, watu walienda kusimama kona ya mgombea wao, wengine chini ya goli la kikapu, wakahesabiwa mmoja mmoja. Kundi lililokosa asilimia 15 lilivunjika, na makundi mengine yakaja kuwabembeleza, mama mmoja alipita na sahani ya biskuti. Wakilingana hesabu ya wajumbe, walirusha sarafu. Kweli kabisa, sarafu. Na usiku ule programu ya simu ya kutuma matokeo ikaharibika, nchi nzima ikangoja siku kadhaa. Nilicheka. Lakini jirani yangu mzungu na mwalimu wa mwanangu walisimama kona tofauti, wanatazamana, na asubuhi niliwakuta wanasaidiana kutoa theluji mlangoni. Kule nilikozaliwa, watu wakijua umesimama kona gani, usiku ule haulali kwako.

Nyundo: Hizo biskuti ni rushwa. Huku ungekamatwa na sahani yako.

Mpiga_Debe: Nani kakamatwa na sahani? Huku ni pilau sufuria zima na hakamatwi mtu.

Nyundo: pilau ni takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura

DadaWaTanga: Sheria iliyoruhusu takrima ilishafutwa na Mahakama Kuu 2006 kaka, jamani leo umeamkaje?

Nyundo: Nimeamka salama mpaka nilipokukuta hapa

Mwanakijiwe: Mkongo katoa ushahidi wa maana halafu nyie mnabishania biskuti. Narudia swali, kipimo au sarakasi?

Sukuma_Gurudumu: Mi naomba kumuuliza Mkongo kitu kimoja. Kama mahindi yote huko ni ya njano, ugali mnasonga na unga gani?

MkongoWaIowa: Tunanunua duka la Wamexico, mweupe. Ila mahindi yake wanachemsha na chokaa kwanza, siku ya kwanza harufu itakukimbiza nyumbani. Baadaye unazoea. Ni ule ule wanaopikia tamale.

DadaWaTanga: Kumbe Ford alikuwa anakula ugali.

Mzee_wa_Reli: Na maganda yake.