Mashairi niliyomwandikia aliyeniacha: niyachome au niyaendeleze?

Binti wa Wete: Assalam aleikum, wenzangu. Nina miaka 29. Mwaka juzi posa yangu ilivunjwa na mtu niliyempenda kwa miaka minne, na haukupita muda akaoa Unguja. Tangu hapo, kila usiku saa nane huamka nikaitazama simu kama yupo hewani, kisha hufungua daftari nikamwandikia. Nimejaza madaftari matatu, na takriban kila ubeti una jina lake. Mama ameyaona, ananitaka niyachome kabla hayajaitia nyumba aibu. Mimi naona kuna kitu chenye thamani ndani yake, ila sijui kama ninajitibu au ninalichokoa donda. Naombeni ushauri.

Mzee wa Mkoani: Mwanangu, usichome. Anachokihofia mama yako ni lile jina, na hofu hiyo ina dawa. Watu wa mwambao tangu zamani wamesema machungu yao kwa fumbo: mpenzi akawa ua, tunda au jahazi, na mkusudiwa akajijua mwenyewe huku majirani wakibaki kukisia. Chukua ubeti mmoja tu. Toa jina lake, weka kitu ambacho mikono yako inakijua, kisha upime: mizani, yaani silabi, nane upande huu, nane upande wa pili, na vina vikae mahali pake. Neno lililokuja kwa hasira mara nyingi huzidi mizani, na unapolipunguza unalazimika kujiuliza ulitaka kusema nini hasa. Mimi mwenyewe niliyajua maumivu yangu ya ujanani nilipokuwa nikitafuta kina, si nilipokuwa nikilia.

Mama Watatu: Namuunga mkono mzee, kwa sharti moja: huyo mtu asitumiwe hata mshororo mmoja. Nilipoachika nilimtumia wangu, nikakaa siku kumi na moja nikisubiri jibu, na katika siku hizo sikuandika chochote. Simu ilale chumbani kwa mama. Na ikiwa huli wala hulali, mdogo wangu, nenda hospitali ukaonane na daktari. Shairi halichukui nafasi yake.

Mwenye Daftari: Kuhusu aibu, Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alikuwa muuza vyungu kutoka Fumba, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Katika aliyoyaimba zimo dhulma walizofanyiwa wanawake wengine, kwa hiyo uchungu wake ulikuwa na nafasi ya watu zaidi ya mmoja. Dada, madaftari yako matatu yana watu wawili tu, na mmoja wao hana kosa hata mara moja. Jaribu ubeti ambao ndani yake wewe ndiye uliyekosea.

Binti wa Wete: Nawashukuru nyote. Ubeti huo wa kosa langu umeniliza, nami bado sijaumaliza. Simu amepewa mama. Leo nimekaa barazani, karafuu zimeanikwa juu ya jamvi mbele yangu, nikalitoa jina lake katika mshororo wa kwanza:

*Mti niliupalia, mavuno ni ya mwengine.*

Nimehesabu kwa vidole, nane kwa nane. Nilipomsomea mama alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza ni mti gani. Mshororo wa pili umenikwamisha: kati nataka *-lia*, mwisho nataka *-ngine*. Mwenye neno anisaidie.