Bahasha ya bibi kutoka Ujiji imezuiwa forodha, naomba msaada

Binti Ujiji (Ujerumani)
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mama yangu yuko Ujiji, na tangu wanangu waanze shule huwaandikia barua kwa mkono wake, nao humjibu. Safari hii pamoja na barua katia kanga ya mjukuu wake wa kike na kifurushi cha dagaa. Nimepata notisi: mzigo uko forodha, nipeleke risiti ya manunuzi, la sivyo unarudishwa. Risiti ipi? Dagaa kanunua mwaloni Kibirizi, kanga kaitoa sandukuni mwake. Fomu ya forodha ya CN22 imeandikwa "zawadi" tu, sehemu ya thamani iko wazi. Thamani nakadiria mimi au wao? Mwenye mfano wa barua ya maelezo iliyokubaliwa anitumie tafadhali. Watoto wanaiulizia kila siku.

Mzee wa Gungu (Uingereza)
Marahaba mwanangu, pole. Mimi dada yangu alinitumia mawese, kopo likavuja, barua iliyokuwemo haikusomeka hata mstari mmoja. Iliniuma kuliko mawese. Kwa hilo lako, fomu si hiyo. Penye bidhaa ni CN23.

Kaka wa Kasulu (Ubelgiji)
Mzee, kwa heshima, hapana. CN22 inatosha kwa pakiti ndogo isiyozidi kilo 2 na thamani ya SDR 300 (SDR ni kipimo cha thamani cha kimataifa ambacho posta hutumia). CN23 ni juu ya hapo. Barua peke yake, bila bidhaa, haihitaji hata moja. Tatizo ni hilo neno "zawadi". Tangu Machi 2021 Ulaya inataka taarifa za mzigo wa posta zitangulie kielektroniki, na maelezo ya jumla jumla hayakubaliki. Bibi aandike "kanga ya pamba, 1", "dagaa wakavu", uzito na bei. Zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi euro 45 haina ushuru wala VAT. Samaki kwa matumizi ya nyumbani wanaruhusiwa hadi kilo 20. Nyama na maziwa ndivyo marufuku.

Binti Ujiji
Asante kaka. Hiyo ya euro 45 niliwaambia dirishani. Wakasema sawa, lete uthibitisho kwamba haizidi. Hapo ndipo nilipokwama.

Mama Tabora (Marekani)
Pole mdogo wangu. Huku tangu tarehe 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 umefutwa, na posta za nchi nyingi zikasimamisha vifurushi kwa muda. Barua na nyaraka hazikuguswa. Nikamwambia mama mkwe: barua ije peke yake, asali nitaipata kwa msafiri. Sasa anaandika kurasa nyingi kuliko zamani.

Kijana wa Mwanga (Sweden)
Poleni. Lakini si apigiwe video ya WhatsApp tu? Mambo ya stempu na fomu ya nini?

Binti Ujiji
Mdogo wangu, mama alijua kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya kisomo ya miaka ya sabini, mtoto mgongoni. Kuandika jina la mjukuu wake ni jambo analojivunia. Simu tunapiga pia. Ila kwenye simu mtoto anasema "shikamoo bibi" na kukimbia. Barua anairudia. Mkubwa wangu amejifunza kusoma Kiswahili kwa barua hizo: migebuka, wale samaki wa ziwani, imeadimika, nani kaolewa, ziwa lilivyopanda hadi maji yakaingia nyumba za ufukweni. Hayo simuni hayasemwi.

Kaka wa Kasulu
Umesema kweli dada. Bibi yangu amefariki, na sauti yake sina. Barua ninazo.

Mzee wa Gungu
Sisi barua zetu zilikuja kwa treni kupitia Tabora, na za vijiji vya kusini zikapanda Liemba. Meli hiyo imejengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikaendelea kubeba watu. Leo reli ya kisasa imefika Dodoma, sisi wa mwisho wa reli bado tunangoja. Na uraia pacha je? Badala yake tumepewa "hadhi maalumu" kama wageni waalikwa.

Kaka wa Kasulu
Mzee, uraia ufunguliwe mada yake. Kila uzi humu unaishia huko.

Mzee wa Gungu
Unaishia huko kwa sababu mama zetu wanazeeka na sisi tunapanga foleni ya viza kwenda kuwazika.

Mama Tabora
Mzee ana haki ya kusema. Jamani, kuna mwenye safari ya Dar mwezi wa kumi na mbili? Anitafute pembeni. Nina miwani ya kusomea ya mama mkwe, ya zamani imepasuka kioo na anasema mistari inapandana.