MREJESHO: Mafaili yaliyohamia kwenye tupio yamepatikana

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini programu ya kusawazisha mafaili na wingu (yaani inayoyaweka sawa kwenye hifadhi ya mtandaoni na kwenye kompyuta zangu mbili) ilihamishia folda yangu nzima ya picha kwenye tupio wakati sikufuta kitu. Asanteni sana mlionijibu.

Chanzo nimekiona. Kompyuta ya zamani ilikuwa imejaa, nikaikata ile folda na kuibandika kwenye diski ya nje. Kwangu mimi huko ni kuhamisha. Programu yenyewe inaangalia folda yake tu: faili lilikuwepo, sasa halipo, basi limefutwa. Ikapeleka taarifa hiyo kwenye wingu, na kompyuta ya pili ikatii, nayo ikaiondoa folda. Haiwezi kujua nia yangu, ndiyo maana inaweka kwenye tupio badala ya kufuta moja kwa moja. Nilikuwa nailaumu tupio, kumbe ndiyo iliyoniokoa.

Niliingia kwenye akaunti kupitia kivinjari, nikarejesha folda yote, ikarudi mahali pake. Ila msichelewe: Google Drive, kwa mfano, hufuta vya kwenye tupio baada ya siku 30.

Sasa nikitaka nafasi natumia chaguo la kuacha faili kwenye wingu pekee. Na picha za marehemu mama nimezinakili, siyo kuzikata, kwenye diski ninayoichomoa nikimaliza, maana kusawazisha siyo kuhifadhi nakala: ukifuta huku, na kule kunafutika.