Mrejesho: Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F, nimeshanunua

Wakuu, niliuliza nichukue prosesa ipi kati ya hizo mbili, Ryzen ya AMD au Core ya Intel, kwa ajili ya gemu, mrejesho ndo huu: nimebeba Ryzen. Kwa spidi ni ngoma droo, zote zina koa 6 na tredi 12 na kwa GPU (kadi ya grafiki) yangu ya kawaida tofauti ya fremu huioni kwa macho, kwahiyo nikaangalia mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), za AM4, yaani soketi inayokaa hii Ryzen, zilikuwa bei poa, ramu zangu za DDR4 zimeingia vilevile, halafu hela ikikaa vizuri navua hii naweka Ryzen 7 5700X3D yenye keshi (memori ya haraka ndani ya prosesa) ya 96MB bodi ileile, BIOS (programu ya bodi inayowasha kompyuta) tu ndo unasasisha. Ila zote hazina grafiki za ndani, kama huna GPU usiziguse. Na aliyenishauri feni kubwa ya kupooza prosesa, mkuu, iliyokuja kwenye boksi inatosha, inakelele kidogo ila nikivaa hedifoni siisikii.